Wali wa Chenga Pwani ya Senegal

Mtu wa Pwani akialikwa chakula, jicho lake huanguka kwanza kwenye wali. Hutazama kama punje zimekaa mojamoja au zimeshikana, na hapo humjua mpishi kabla hajatia tonge kinywani. Basi fikirini hali yangu, mwezi wa Novemba 2024, nilipoketishwa mkekani katika nyumba moja ya Thiaroye-sur-Mer, mtaa wa wavuvi ulio ukingoni mwa jiji la Dakar. Liliwekwa katikati yetu bakuli kubwa mfano wa sinia, na lilipofunuliwa nikaona chenga! Chenga tupu, zile ambazo kwetu Mombasa hupikiwa uji au hutupiwa kuku. Nikatia bismillahi shingo upande.

Nilikuwa Senegal kwa shughuli za kazi, na kijana mmoja niliyekutana naye msikitini baada ya sala ya adhuhuri alikataa katakata nirudi hotelini kula peke yangu. Mimi Kifaransa sijui, naye Kiingereza hakijui. Tulielewana kwa Kiarabu cha chuoni, kila mmoja akiionea haya sarufi yake. Njiani alinihesabia siku za juma kwa Kiwolofu: Altine, Talata, Alarba, Alhames, Ajuma. Nilicheka, maana ilikuwa kama kusikia jirani akiniita kutoka ng'ambo ya pili ya bara.

Na salamu zao! Nilidhani sisi ndio wenye salamu ndefu. Wao baada ya "salaam aleikum" huuliza hali yako, ya nyumba, ya kazi na ya watoto, na kwa kila swali jawabu ni moja tu: "Jamm rekk", yaani amani tu. Hata mwenye kuumwa husema amani tu kwanza, kisha ndipo aeleze maradhi. Mgeni asiye na ukoo hupewa. Mimi nilipewa Ndiaye, na tangu hapo kila mtu wa ukoo wa Diop alijiona ana haki ya kuniambia mbele za watu kwamba kina Ndiaye ni walafi wa wali. Ni utani wa koo hizo mbili, wa tangu na tangu, na mtu hakasiriki. Nami nilivyokula siku ile, sikuwa na hoja ya kujitetea.

Kwani chakula hicho, wakiitacho ceebu jën, yaani wali na samaki, si cha kudharauliwa. Samaki hutobolewa matundu, yakashindiliwa kotimiri, thomu na pilipili zilizopondwa pamoja. Hukaangwa, kisha hutokoswa katika mchuzi wa nyanya ya kopo pamoja na kabichi, karoti, biringani na muhogo. Ladha hukolezwa kwa ng'onda na kwa nyama ya konokono wa baharini iliyovundikwa, ambayo harufu yake, kusema kweli, hutangulia kufika mezani. Halafu samaki na mboga hutolewa, na chenga hupikwa kwa mchuzi uleule mpaka zinywe wote. Hapo ndipo nilipoelewa. Mchele mzima haunywi mchuzi namna ile. Ukoko nao hautupwi. Hukwanguliwa ukaletwa kando, ukakamuliwa ndimu, na watoto huugombania kama wanavyougombania wetu. Mwaka 2021 UNESCO ilikitia chakula hiki katika orodha yake ya urithi wa wanadamu.

Lakini chenga hizo hazikuanza kwa mapenzi. Zamani watu wa huko walikula zaidi uwele na nafaka nyingine za kwao. Mfaransa alipowatawala aliwataka walime njugu, ambazo mafuta yake yalihitajika kwao Ulaya, na chakula akawaletea kutoka koloni lake jingine, Indochina. Alicholeta kilikuwa zile chenga za vinuni ambazo huko hazikuwa na bei. Akina mama wa Senegal wakazipokea takataka hizo wakazifanya chakula cha heshima, hata leo mwenyeji anaweza kumpa mgeni chenga bila ya haya yoyote. Nikakumbuka ile shingo yangu ya upande, nikainamisha kichwa.

Adabu ya bakuli lile nimeikuta karibu sawa na ya sinia letu. Mkono ni wa kulia, ingawa wengine hutumia kijiko, na kila mtu hula mbele yake wala havuki mpaka. Mtoto hufundishwa kushika ukingo wa bakuli kwa mkono wa kushoto na kutazama chini. Samaki na mboga hukaa katikati, na bi mkubwa wa nyumba ndiye mgawaji: humega kidogo kidogo akasukuma mbele ya huyu na yule, na mgeni hupata minofu iliyonona. Mpita njia akitokea, huambiwa "Kaay lekk", njoo ule, na watu husogea. Nilihesabu tulianza saba, tukamaliza tisa.

Samaki wa siku ile alikuwa chewa, waitaye thiof. Mzee wa nyumba alimtazama muda kabla hajamgusa, kama mtu aliyemwona rafiki wa zamani. Kumbe hakuwa amemla kwa miezi. Mzee huyo amevua tangu ujana wake katika mashua zao ndefu za mbao zilizopakwa rangi za kila namna, na alinisimulia kwamba zamani chewa alikuwa samaki wa kila nyumba. Sasa apatikanaye huenda hotelini au hupakiwa barafu kwenda Ulaya. Nyumba za kawaida zimebaki na visamaki vya mfano wa dagaa wakubwa, waitavyo yaboi, na hata hivyo vinasagwa viwandani kuwa unga wa kulishia samaki wa kufugwa na mifugo ya watu wengine.

Nilimwuliza ni nani wa kulaumiwa. Alizitaja meli kubwa za kigeni. Na kwa hakika mkataba wa kwanza wa uvuvi baina ya Senegal na nchi za Jumuiya ya Ulaya ulikuwa wa mwaka 1979, na itifaki ya mwisho ilimalizika mwezi uleule nilipokuwa huko, Novemba 2024, bila ya kufanywa upya. Lakini mzee hakujitoa lawamani. Alisema mashua zao wenyewe zimezidi, na nyavu za nailoni zenye matundu madogo zinazoa hata watoto wa samaki. Nilimheshimu zaidi kwa maneno hayo.

Ndipo nikauliza, bila kujua ninauliza nini, huyu chewa basi amepatikana vipi. Kijana mwenyeji wangu alinyamaza kidogo. Mama yake ndiye aliyejibu, naye akafasiri: amenunuliwa kwa pesa za kaka yake aliyeko Hispania.

Kaka huyo alikuwa mvuvi kama babake. Bahari ilipokuwa tupu, akafuata vijana wenziwe katika mashua ya kuvulia hadi visiwa vya Canary, safari ya kiasi cha kilomita 1,500 katika bahari kuu. Tangu mwaka 2006, walipofika visiwani humo watu zaidi ya 30,000 kutoka nchi mbalimbali, vijana wa Senegal wana msemo wao: "Barça walla Barsakh". Maana yake ni Barcelona au barzakh. Sina haja ya kuwafasiria wasomaji wangu hilo neno la pili. Wengi wa Thiaroye wamelifikia hilo. Huyu Mungu alimpa salama, akafika, na sasa anachuma matunda katika mashamba ya watu.

Baada ya chakula ililetwa chai yao, attaya, majani ya kijani kutoka Uchina yaliyochemshwa juu ya makaa na kumiminwa kutoka bilauri hadi bilauri mpaka itoe povu. Hunywewa mara tatu, ya kwanza kali na ya mwisho tamu, na kati yake saa nzima hupita. Katika ile ya pili simu ililia, alikuwa yeye. Mama hakumwuliza habari za pesa wala za kazi. Alimwuliza amekula nini, na amekula na nani. Sikuhitaji kufasiriwa jawabu, nilimwona usoni. Baadaye kijana aliniambia: amesema alikula wali, katika sahani yake, chumbani.

Mama alinifungia mfuko wa ng'onda na konokono wale kwa ajili ya mke wangu. Alipoufungua, aliufunga tena upesi, akaniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni kitoweo, nami nitanunua mchele wake mwenyewe. Nilikwenda Marikiti nikaomba chenga kilo tatu, na muuzaji akaniuliza nimefuga kuku wangapi.