Urafiki na Wareno ulivyoigharimu Malindi

Nguzo yenye msalaba inayotazama bahari mjini Malindi hujulikana kwa jina la Vasco da Gama. Husahaulika kwamba ilisimama hapo kwa ridhaa ya mtawala wa Kiswahili aliyekuwa na hesabu zake mwenyewe.

Da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498, akitoka Mombasa alikopokewa kwa uhasama. Mombasa ilikuwa hasimu wa Malindi, tena yenye bandari bora na biashara kubwa zaidi. Kwa mfalme wa Malindi, mgeni mwenye mizinga aliyekosana na jirani huyo alikuwa neema. Akampa chakula pamoja na rubani wa kumvusha hadi India.

Faida ilionekana upesi. Wareno waliichoma Mombasa mwaka 1505, wakairudia mwaka 1528, Malindi haikuguswa. Mwaka 1589 Wazimba, baada ya kuihilikisha Mombasa, waliivamia Malindi, lakini Wasegeju wakawatimua. Kisha Wasegeju hao hao wakaiteka Mombasa na kumkabidhi mtawala wa Malindi. Ndoto ya karne nzima ilikuwa imetimia, na walioitimiza ni majirani wa bara, si Wareno.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mtawala alihamia Mombasa pamoja na jamaa zake, na mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Sasa rafiki alikuwa na kuta zake na kapteni wake, na hakuhitaji tena hisani ya mtu. Sultani Hasan akagombana na kapteni, akakimbilia Rabai, akauawa huko mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa.

Mwanawe, Yusuf, alilelewa Goa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarejeshwa Mombasa kutawala. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni na kurudi katika Uislamu. Mwaka uliofuata aliihama ngome, akageuka haramia baharini. Ukoo wa Malindi haukutawala tena Mombasa.

Malindi yenyewe, iliyoachwa na wafalme wake, ilidhoofika hadi ikabaki magofu. Ilifufuliwa karne ya 19 chini ya masultani wa Zanzibar, kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Mji wa leo, wenye mitaa kama Kisumu Ndogo, umetokana na mwanzo huo wa pili.