Kuhesabu Mizani kwa Kompyuta: Maelezo kwa Waanzao

Kusudi la makala hii ni kuwaeleza wanafunzi wa lugha mambo mawili yaliyo msingi wa kuandika programu, yaani mfuatano wa herufi na marudio. Mifano imetolewa katika majina ya mkoa wa Ruvuma, na kazi tutakayoipa kompyuta ni ile aijuayo kila msomaji wa mashairi: kuhesabu mizani.

1. Mfuatano wa herufi

Kwa kompyuta neno si sauti wala maana. Ni safu ya alama tu, na kila alama ina nambari yake. Jina Songea ni safu ya alama sita. Yafaa kukumbuka kwamba katika lugha nyingi za programu, mathalani Python iliyotolewa mwaka 1991, nafasi huhesabiwa kuanzia 0. Basi S iko nafasi ya 0, na a ya mwisho iko nafasi ya 5. Mwenye kuiulizia nafasi ya 6 hujibiwa kwamba amekosea.

Kwa sababu hiyo idadi ya alama si idadi ya sauti. Neno ng'ombe lina alama saba, ingawa masikioni mwetu ng' ni sauti moja. Tena ritifaa yenyewe huleta matata. Ile iliyonyooka ina nambari 39, na ile iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, ina nambari 8217. Machoni petu hizo ni alama moja. Kwa kompyuta ni mbili mbalimbali. Atafutaye ng'ombe kwa ritifaa ya kwanza hatampata aliyeandikwa kwa ya pili. Na programu iliyoagizwa kukata maneno kila ionapo alama isiyo herufi itatoa "ng" na "ombe", maneno mawili yasiyomo katika kamusi yo yote. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu lo lote, hapana budi kuzigeuza ritifaa zote ziwe za namna moja.

Hali kadhalika herufi kubwa na ndogo. A ina nambari 65, na a ina nambari 97. Programu iliyofundishwa irabu ndogo tu italipa jina Undendeule mizani nne badala ya tano, kwa kuwa haikuitambua U ya mwanzo. Dawa yake ni kuzigeuza herufi zote kuwa ndogo kwanza.

2. Marudio

Marudio ni agizo moja linalotekelezwa tena na tena. Yako ya namna mbili. Namna ya kwanza husema: kwa kila herufi ya neno, fanya hivi, nayo hukoma yenyewe herufi zikiisha. Namna ya pili husema: maadamu sharti fulani ni kweli, fanya hivi. Hii yataka uangalifu, maana kama hakuna kinachobadilika ndani yake, sharti halitakoma kuwa kweli, na kompyuta itazunguka pasipo mwisho. Kwa kazi yetu namna ya kwanza inatosha.

Tuweke hesabu ianze na sifuri, kisha tuagize hivi kwa kila herufi:

(a) Ikiwa ni irabu, ongeza moja.
(b) Ikiwa ni m, na herufi inayofuata ni konsonanti isiyo b, v, w wala y, ongeza moja.
(c) Vinginevyo, pita.

Tulijaribu jina Namtumbo. N, pita. a, moja. m inafuatwa na t, mbili. t, pita. u, tatu. m inafuatwa na b, pita. b, pita. o, nne. Jawabu ni nne: Na-m-tu-mbo, nalo ni sahihi. Katika agizo la (b) yapasa kuuliza kwanza kama herufi inayofuata ipo. La sivyo neno kama Salaam, linaloishia kwa m, litaisimamisha programu.

3. Mahali kanuni inaposhindwa

Maneno kama nchi, nne na mbu yana irabu moja moja lakini mizani mbili, kwa kuwa mkazo huangukia nazali. Haya ni machache, na yaweza kuwekwa katika orodha yake. Lakini iko shida isiyotibiwa kwa orodha. Mvua ni mvu-a, ila mvuvi ni m-vu-vi, na kanuni yetu huyapa yote mawili mizani mbili. Kubwa zaidi ni neno mbuni. Huko Mbinga, wilaya ijulikanayo kwa kahawa, mbuni ni mti, nao una mizani tatu: m-bu-ni. Mbuni ndege ana mbili: mbu-ni. Tahajia ni moja, herufi kwa herufi, wala hakuna marudio yawezayo kuona tofauti isiyoandikwa.

Upatanisho wa sarufi husaidia kidogo. Mbuni huu, mibuni hii: huo ni mti. Lakini mbuni huyu aweza kuwa ndege, au mtu abuniye, na huyo wa pili ana mizani tatu. Ndiyo sababu wataalamu walitafuta njia ya kuchambua maumbo ya maneno, si herufi tu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha maelezo ya njia ya namna hiyo kwa Kiswahili mwaka 1992. Hata hivyo, pasipo maneno yanayofuata, umbo peke yake halitoshi.

Jambo hili si dogo. Mshairi aliyeutaja mti wa kahawa katika mshororo wa mizani kumi na sita ataambiwa na programu yetu kwamba mizani yake ni kumi na tano, naye hana kosa. Kwa hiyo programu iandikwe hivi: ikutanapo na neno lenye shaka, itoe hesabu zote mbili na kulionyesha neno lenyewe, ili ajuaye lugha aamue. Na mtafiti atakayechapisha hesabu za kompyuta aeleze kanuni alizoipa, maana msomaji hawezi kuzipima hesabu asizojua zilivyopatikana.