Je, Wajua? Kiapo cha Kufunga Mdomo

Je, wajua kwamba katika miinuko ya Kiriaini na Nyeri, kunyamaza kuliwahi kuwa silaha? Wakati wa Mau Mau, vuguvugu lililopigana na utawala wa Waingereza nchini Kenya, aliyekula kiapo cha umoja alipitishwa usiku chini ya tao la migomba, mara saba, akaonjeshwa nyama ya mbuzi na kuapa kutotoa siri. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika kambi za kizuizini, kuungama kiapo ndiko kulikomfungulia mtu njia ya kurudi nyumbani. Aliyefunga mdomo aliitwa sugu, akahamishiwa kambi kali zaidi. Huo ulikuwa ujasiri mkubwa, kwani neno moja tu lingepunguza mateso.

Katika kambi ya Hola, iliyowekwa hao sugu, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliokataa kufanyishwa kazi walipigwa hadi kufa.

Hata baada ya uhuru, Mau Mau ilibaki kundi haramu hadi mwaka 2003, na wazee wengi wakaendelea kunyamaza. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya waathiriwa 5,228.

Ikiwa guka (babu) au cũcũ (bibi) wako yu hai, keti naye leo, umuulize polepole kuhusu siku hizo. Akizungumza, andika.