Je, Wajua? Tairi Gumu Hukuchelewesha

Kwenye njia ya mawe na mizizi, tairi lililojazwa upepo kupita kiasi hurukaruka na kula mwendo wako. Lenye upepo kiasi hubonyea juu ya jiwe na kuendelea kushika ardhi. Waendeshaji wengi wa milimani hujaza PSI 20 hadi 30 tu.

Baiskeli ya mlimani ilianzia kwenye mikweche. Miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, walisaka fremu kuukuu za baiskeli za Schwinn kwa sababu zilipokea matairi manene. Mwaka 1976 walianza kushindana kuteremka njia iitwayo Repack, wakitegemea breki ya kukanyaga kinyumenyume. Breki hiyo ilipata moto hadi grisi ikafuka moshi! Baada ya mteremko ilibidi wafungue habu ya gurudumu na kupaka grisi mpya.

Mwaka 1977, mmoja wao, Joe Breeze, aliunda fremu mahususi kwa uendeshaji huo wa milimani.

Ukichagua fremu leo, tazama nafasi iliyobaki kati yake na tairi. Pakibana, tope hunasa na gurudumu hugoma.

Na tairi lisilo na tyubu? Ndani hutiwa maji mazito ya mpira. Mwiba ukitoboa, yanakimbilia tundu na kuliziba huku unaendesha.