Paka akipata mafua, usimtupe wala usimpe dawa yako

ASUBUHI moja ya mwezi wa Agosti mwaka jana, nilipofungua mlango wa jikoni hapa nyumbani Manibe, nilimkuta paka wetu Majivu amejikunyata kando ya mafiga. Macho yake yalikuwa yamegandamana kwa tongotongo, pua imeziba kwa makamasi, na kila mara alipiga chafya mwili mzima ukitikisika. Dagaa niliowamwagia usiku walikuwa hawajaguswa.

Huenda msomaji wa mjini akauliza paka ana nini cha kuandikwa gazetini. Wakati huo tulikuwa tumetoka kuvuna karanga, na magunia yalikuwa yamepangwa ndani ya nyumba hadi karibu na dari. Huku kwetu West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, paka hafugwi kwa mapambo. Ndiye mlinzi wa chakula cha watoto na mbegu za msimu ujao.

Jirani wa kwanza aliyemwona alinishauri nimtupe porini kabla hajaambukiza watoto. Wa pili alikuwa na huruma zaidi. Alinipa nusu kidonge cha parasetamoli akaniambia, "Mama, msagie kwenye maziwa. Mafua ni mafua tu."

Nilikisaga. Kwa bahati, kabla sijamnywesha nilimpigia simu daktari wa mifugo aliyewahi kutibu mbuzi wetu. Nilipomweleza, alipaza sauti, "Mama, mwaga hayo maziwa sasa hivi!"

Sumu kwa paka

Baadaye alinieleza sababu. Ini la paka halina uwezo kama la binadamu wa kuivunja parasetamoli. Dawa hiyo hugeuka sumu mwilini, damu hubadilika rangi kuwa ya kahawia na kushindwa kubeba hewa, uso na miguu huvimba, na mnyama hufa. Hata kidonge kimoja kinatosha kumuua. Niligundua kuwa nilikuwa nimebakisha dakika chache tu kumuua paka wangu kwa wema.

Daktari alipofika kwa boda boda, hakuanza na macho. Aliniuliza kama tumeona panya wakifa ovyo karibu na nyumba, kisha akampapasa Majivu chini ya taya kutafuta tezi zilizovimba, akampima na joto. Alikuwa anafikiria tauni.

Swali hilo si la mzaha. Nyanda za juu za West Nile, kuelekea mpaka wa Kongo, zimewahi kukumbwa na tauni mara nyingi, na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda imekuwa na kituo cha kuchunguza ugonjwa huo hapa Arua. Tauni husambazwa na viroboto wa panya. Paka anayekula panya mgonjwa anaweza kuupata, na akianza kukohoa anaweza kumwambukiza binadamu. Dalili za kuogopa ni homa kali, tezi zilizovimba shingoni na panya kufa bila sababu. Ukiziona, usimshike paka kwa mikono mitupu, wazuie watoto, na utoe taarifa kituo cha afya mara moja. Tauni hutibika kwa viuavijasumu iwapo mgonjwa atawahiwa mapema.

Majivu hakuwa na dalili hizo. Daktari alisema ni mafua ya paka, ambayo mara nyingi huletwa na virusi vya aina mbili, herpesi na kalisi. Virusi hivyo vya paka haviambukizi watu. Bakteria nao hupata nafasi juu yake, ndiyo maana macho hutoa usaha.

Kazi ni uuguzi

Nilidhani atanipa sindano ya kumaliza kila kitu. Badala yake alinipa kazi. Nilichemsha nusu lita ya maji na chumvi isiyofika kijiko cha chai, nikaacha yapoe hadi uvuguvugu. Asubuhi, mchana na jioni nililowesha pamba, nikalainisha tongotongo na kufuta kuanzia pembe ya ndani kwenda nje. Kila jicho lilipata pamba yake, na pamba iliyotumika niliichoma. Kisha nilipaka mafuta ya macho ya tetrasaiklini aliyoniachia. Alinionya nisitumie dawa ya macho yenye steroidi, kwani kama kioo cha jicho kina kidonda inaweza kulipofusha.

Kwa pua, nilimweka kwenye kikapu kando ya beseni la maji ya moto, nikafunika vyote kwa shuka kwa dakika kumi, nami nikiwa pale pale asijiunguze.

Chakula ndicho kilichonitesa. Paka huchagua chakula kwa kunusa, hivyo pua ikiziba hali kabisa. Akikaa siku mbili tatu bila kula, ini lake linaweza kujaa mafuta na kumuua hata kama mafua yenyewe yangepona. Nilichemsha dagaa, hao tunaowaita mukene, nikawaponda na kumpa wakiwa vuguvugu wananukia nyumba nzima. Kila nilipompa kidonge cha kiuavijasumu alichopimiwa na daktari, nilimfuatishia maji kidogo, maana kikikwama kooni kinaweza kumchoma.

Siku ya nne alilamba mchuzi kwenye kidole changu. Siku ya sita alimaliza sahani. Wiki ya pili nilimkuta juu ya magunia, ingawa panya walikuwa wameshatoboa moja.

Jicho la kushoto limebaki na doa dogo jeupe. Daktari aliniambia pia kwamba virusi vya herpesi havitoki mwilini, hivyo chafya zinaweza kurudi siku akichoka au akipata misukosuko. Kipo chanjo cha kupunguza makali yake, na kwa paka wachanga ndiyo kinga bora.

Ndugu msomaji, paka wako akipiga chafya, mtenge na wenzake, osha vyombo vyake kwa maji yenye dawa ya klorini, mpe joto, maji na chakula chenye harufu, kisha mtafute daktari wa mifugo. Vidonge vyako viache kabatini.