Kwa nini mzamiaji wa Kunduchi anatetemeka kwenye maji ya uvuguvugu?

Ni Julai, saa kumi na mbili asubuhi, uko zako Kinondoni. Chumbani kuna nyuzijoto 24 hivi, umevaa fulana tu na uko sawa kabisa. Unaingia bafuni, unakuta ndoo ya maji yaliyolala humo usiku kucha. Kwa kuwa yamelala ndani, yana karibu joto lile lile la chumba. Unajimwagia kopo la kwanza na roho inataka kutoka!

Sasa, kama hewa na maji vina joto moja, mbona hewa haikukutisha?

Jibu ni kwamba ngozi yako si kipimajoto. Haikuambii kitu kina nyuzi ngapi. Inahisi jinsi inavyopoa, yaani joto linavyokuponyoka haraka au taratibu. Maji hupitisha joto mara 24 hivi kuliko hewa iliyotulia. Isitoshe, ili lita moja ya maji ipande nyuzi moja, inahitaji joto mara 3,500 hivi ya lile linalohitajika na lita moja ya hewa. Kwa hiyo hewa inayokugusa inapata joto upesi, halafu inakaa pale pale kama shuka. Maji yanachukua joto lako, yanaondoka, yanakuja mengine, nayo yanachukua.

Twende baharini. Maji ya pwani yetu, kuanzia Msasani mpaka Kunduchi na kuzunguka Mbudya, wakati wa kusi huwa na nyuzi 25 hivi. Wakati wa kaskazi hukaribia 29 au 30. Mtalii wa Ulaya atakwambia hayo ni maji ya kuogea. Lakini mtu aliyetulia majini bila nguo anahitaji maji ya nyuzi 33 hadi 35 ndipo mwili wake usipoteze joto kuliko unavyotengeneza. Hesabu ni rahisi: hata bahari yetu ikiwa ya moto kuliko siku zote, bado inakunyonya. Tofauti ni muda tu. Anayeoga nusu saa hatajali. Mvuvi anayezamia na kuibuka saa tatu au nne mfululizo, huyo analipa.

Hebu tuwaangalie wanaozamia kwenye baridi ya kweli. Kule Aislandi kuna ufa uitwao Silfra, uliojaa maji safi kama kioo, yenye nyuzi 2 hadi 4 mwaka mzima. Watu wanazamia humo na kutoka wakicheka. Wanavaa vazi kavu, yaani suti isiyopitisha maji, yenye zipu maalumu na mipira inayobana shingoni na mikononi ili hata tone lisiingie.

Watu wengi hudhani suti yenyewe ndiyo inayotia joto. Wapi! Nyingi zimetengenezwa kwa kitambaa chembamba tu. Kinachomkinga mzamiaji ni hewa iliyonaswa kwenye nguo nene anazovaa ndani yake. Fikiria hotpoti ya chapati. Plastiki haina maajabu yoyote, ila katikati ya kuta zake mbili kuna sponji lenye vishimo vingi vya hewa ambayo haiwezi kutembea. Deli la barafu nalo ni hivyo hivyo, ila lenyewe linazuia joto la nje lisiingie.

Ndiyo maana nguo za ndani huwa za sufu au za nyuzi za viwandani, si za pamba. Pamba ikinyonya jasho, nafasi za hewa zinajaa maji, na umeshaona maji yanavyopitisha joto.

Kuna jambo jingine la kufurahisha. Ukishuka mita 10, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo hewa ndani ya suti inasinyaa na kubaki nusu. Ukifika mita 20, inabaki theluthi moja. Suti inakubana, nguo zinalala bapa, baridi inaingia. Dawa yake ni kitufe kifuani: mzamiaji anabonyeza, hewa kidogo inaingia kutoka kwenye mtungi. Akipanda, hewa ile inatanuka, hivyo anaitoa kupitia vali, ambayo mara nyingi iko begani. Akisahau, suti inavimba na kumrusha juu kama boya, jambo linaloweza kumuua. Kwa hiyo vazi hili linahitaji mafunzo.

Baadhi ya wazamiaji hujaza suti kwa gesi ya agoni, inayopitisha joto pungufu ya hewa kwa theluthi moja hivi. Heliamu hawaitaki kabisa ndani ya suti, hata wale wanaoivuta kwenye mbizi za kina kirefu, maana inapitisha joto karibu mara sita ya hewa.

Utauliza, hayo yanamhusu nini mvuvi wa Kunduchi? Vazi kavu halihitaji, angechemka. Vazi jembamba la mpira wenye vipovu vya gesi lingemtosha. Akikosa, fulana ya kubana yenye mikono mirefu inasaidia kiasi, kwa sababu inapunguza maji kupita kwa kasi juu ya ngozi.

Ila baridi mbaya humngoja ndani ya boti. Ametoka majini, fulana imelowa, upepo wa kusi unapiga. Gramu 100 za maji zikikauka zinachukua kilojuli 240 hivi. Mtu aliyekaa tu hutengeneza kiasi hicho kwa dakika 40. Si joto lote linatoka mwilini, lakini sehemu yake ni kubwa. Fulana iliyomsaidia chini ya maji, juu inamgeuka.

Mchunguze mwenzako. Akianza kuangusha vitu, kuongea kwa kukokota maneno, au kuyumba, baridi imeanza kuingia ndani. Akiacha kutetemeka ilhali hajapata joto, hiyo ni hatari kubwa: joto la ndani linaweza kuwa limeshuka chini ya nyuzi 32, na anahitaji hospitali. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike, mkinge na upepo. Kama ana fahamu na anameza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimpe pombe kali, hata akiomba. Inafungua mishipa ya ngozi, anahisi moto huku joto la ndani likikimbilia nje.

Kwa hiyo kama una ndugu anayezamia, mwambie afanye jambo moja kesho: aweke sweta kavu na koti la mvua ndani ya mfuko wa plastiki, aufunge vizuri, auache kwenye boti. Akipanda tu, avue fulana kabla ya kuhesabu pweza. Sweta litamshikia hewa, koti litazuia upepo usiichukue.