Mkono wa Daktari Tarajali na Mfuko wa Kupumulishia

Katika karatasi ya mtihani, daktari tarajali huandika kwa usahihi kwamba mtu mzima asiyepumua, ambaye moyo wake ungali unapiga, hupewa pumzi moja kila baada ya sekunde 6. Mbele ya mgonjwa halisi, ndugu wakilia mlangoni, tarajali huyo huyo huuminya mfuko kila sekunde 2. Woga huharakisha mkono.

Haraka hiyo ina madhara. Mfuko wa mtu mzima hubeba hewa ipatayo lita moja na nusu, ilhali pumzi moja yahitaji takriban mililita 500, kiasi cha kuinua kifua tu. Hewa inayozidi huingia tumboni. Mgonjwa hutapika, na matapishi huweza kuingia mapafuni. Aidha, shinikizo kifuani hupunguza damu inayorudi kwenye moyo.

Kwa hiyo mazoezi huanzia kwenye sanamu. Tarajali hujifunza kuinua taya kulileta kwenye barakoa, si kuigandamiza barakoa usoni, kosa la karibu kila anayeanza. Hewa ikivuja, mmoja hushika barakoa kwa mikono miwili na mwenzake huminya. Mkufunzi mzuri huleta pia makelele makusudi.

Nchini Tanzania, ubingwa wa tiba ya dharura ulianza kufundishwa Muhimbili mwaka 2010, na mabingwa wake bado ni wachache. Usiku, mara nyingi mfuko huo huwa mkononi mwa tarajali. Ndugu wakimsikia akihesabu kwa sauti kando ya kitanda, wasimkatize: anapima pumzi za mgonjwa wao.